Miezi Sita kwa Gharama ya Nani?

Dabaso, kijiji cha pwani ya Kenya, mtu huanza kuitwa wakili siku barua ya chuo kikuu inapofika. Hangojwi amalize. Akiwa mwaka wa pili, tayari shangazi amemletea barua ya chifu aisome, na mzee wa jirani amemtandazia mkekani mchoro wa shamba ambalo mpaka wake unagombewa tangu enzi za babake. Akivaa joho la mahafali, watu wanahesabu kazi imekwisha. Wanaojua kwamba bado ni wachache, na mhitimu mwenyewe huona tabu kuwaeleza bila kuonekana anatafuta visingizio.

Na kweli bado. Kwa Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya sheria za Kenya, digrii peke yake haimpi mtu ruhusa ya kusimama mahakamani kwa niaba ya mwingine. Kuna Chuo cha Mafunzo ya Sheria kule Karen, Nairobi, chenye masomo tisa, kuanzia mashauri ya madai na ya jinai hadi mirathi na uhamishaji wa ardhi. Kuna mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Kisha kuna miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili aliyekwisha kuifanya kazi hiyo kwa miaka isiyopungua mitano. Hapo ndipo mtu humwandikia Jaji Mkuu ombi la kuapishwa, jina likaingia katika orodha ya mawakili, naye akapewa ile nambari inayoanza na P.105. Miezi sita hiyo ndiyo uanagenzi, au pupileji kama wanavyoiita wenyewe, na ndiyo inayowakosesha usingizi.

Ushindani wa nafasi hizo husimuliwa kama mashindano ya akili: aliyefaulu vizuri na kuandika barua nzuri amepata, aliyekosa akazane zaidi. Masimulizi hayo yana ukweli kiasi. Lakini ukiutazama mlango huu kutoka Dabaso, unaona mambo mawili yanayopita alama za mtihani, nayo ni kodi ya nyumba na kujulikana. Na unaona jambo la tatu, la ajabu kidogo: watu wanasukumana Nairobi ilhali kazi ya sheria imejaa Malindi, mwendo mfupi wa matatu kutoka njia panda ya Gede.

Mlango wenyewe ulivyo, wanafunzi wa Karen hufanya mitihani yao Novemba, kisha humwagika sokoni karibu wote kwa pamoja. Mwaka 1970 nchi ilikuwa na kitivo kimoja cha sheria, cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo Kikuu cha Moi kikafuata mwaka 1994. Leo vyuo vikuu vinavyofundisha sheria ni zaidi ya kumi, vya umma na vya kibinafsi, na orodha ya mawakili imeshavuka nambari 20,000. Mlango wa kuingilia umepanuliwa mara nyingi. Wa kutokea unategemea bado hiari ya wakili mmoja mmoja: awe na miaka mitano, awe na cheti cha mwaka huo, awe na meza ya ziada na subira ya kufundisha. Ofisi nyingi za pwani zina wakili mmoja au wawili, karani, na kabati la mafaili. Meza ya ziada pale si jambo dogo.

Kampuni kubwa za Nairobi, kama Kaplan & Stratton au Bowmans, zina utaratibu unaoonekana. Wanaoomba wanajua pa kuomba, na kwa sababu hiyo hiyo wanaoomba ni wengi kupita kiasi. Ofisi ndogo hazitangazi. Nafasi hupatikana kwa simu: wakili anampigia mwenzake waliyesoma naye, au mzazi anakutana na wakili msikitini, kanisani, kwenye arusi. Anayetoka katika nyumba isiyo na wakili hata mmoja hajui kwamba nafasi ilikuwapo mpaka isikike kwamba imejazwa. Sisemi mawakili hao wana nia mbaya. Ofisi ndogo huogopa kuingiza mtu asiyefahamika katika siri za wateja, na hofu hiyo ni halali. Lakini ukikusanya hofu halali za ofisi mia moja, unapata mlango ambao mtoto wa mvuvi wa Mida hauoni.

Mambo hayakuanza hivi. Kamati ya jaji wa Uingereza, Lord Denning, ya mwaka 1961, iliyotazama elimu ya sheria kwa Waafrika, ilikuta nchi ambamo wakili alikuwa mtu aliyepanda meli kwenda kusoma London. Matunda yake yakawa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam mwaka huo huo na chuo cha Kenya mwaka 1963, ambacho mwanzoni kilifundisha pia vijana wasio na digrii waliofungwa kwa mkataba katika ofisi ya wakili kwa miaka kadhaa. Ofisi ndiyo iliyokuwa shule. Leo shule imejengwa mbali na ofisi, na uanagenzi umebaki kama kipande cha ule mtindo wa zamani, ila mkataba uliomfunga bwana kwa mwanafunzi wake haupo tena kwa uzito ule.

Majirani wameuweka msongamano mahali pengine. Tanzania mafunzo ya vitendo yamo ndani ya kozi ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hivyo kilio kikubwa husikika kwenye mitihani: mwaka 2022 watahiniwa 633 walifanya, wakafaulu 26 kwa mkupuo wa kwanza, na waziri akalazimika kuunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Uganda, kwa miaka mingi, chujio lilikuwa mtihani wa kuingia Law Development Centre, chuo chao cha mafunzo ya uwakili. Uingereza nako mashindano ni makali, pengine kuliko kwetu, lakini tangu mwaka 2003 chemba za mawakili haziruhusiwi kuchukua mwanagenzi bila kumlipa kiwango kilichowekwa, isipokuwa kwa kibali maalumu. Nafasi zilipungua, walalamishi walikuwapo, ila aliyepata alikula.

Hapo tumefika kwenye kiini cha mambo, yaani pesa.

Ada ya Karen hukaribia shilingi 190,000. Familia ya Dabaso ikishaitoa hiyo, kwa harambee, kwa kuuza mbuzi, kwa mkopo wa chama cha akina mama, mfuko umekauka. Ndipo inaanza miezi sita ya Nairobi: chumba, nauli ya kila asubuhi, chakula cha mchana mjini, suti isiyong'aa kwa kuchakaa, viatu vinavyofaa kuingia navyo kwa jaji. Kuna ofisi zinazolipa posho ya maana. Kuna nyingi zinazotoa nauli na kuiita posho. Na kuna zisizotoa kitu, zikaona kwamba kumpa mtu nafasi kumetosha kuwa malipo. Wakati huo huo mkopo wa chuo kikuu wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo, na anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi.

Msaada wa serikali nao unakatikia papa hapa. Basari ya mfuko wa maendeleo wa eneobunge (CDF) na ya kaunti imewavusha watoto wengi wa Kilifi Kaskazini, na anayeibeza hajawahi kuona foleni ya wazazi siku ya kupokea fomu. Lakini fomu ya basari huuliza ada inayodaiwa na shule, na uanagenzi hauna ada, una gharama tu. Si masomo kwa macho ya mfuko wa basari, si ajira kwa macho ya mwajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inapomtaja mwajiriwa inamhesabu na mwanagenzi wa kazi, na Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Kama mwanagenzi wa sheria anaingia humo ni hoja ambayo wakili yeyote angeifurahia, ila wa kuileta mahakamani ni mwanagenzi, na mshtakiwa atakuwa ni yule atakayetia saini fomu yake ya kumaliza. Ndiyo maana hoja hiyo husemwa zaidi kwenye chai kuliko kwenye hati ya madai.

Matokeo yake ni mchujo usiotajwa katika tangazo lolote. Wawili wenye alama zilezile wanapata nafasi Nairobi bila posho. Mmoja anaishi kwa wazazi wake mtaa wa South B, mwingine ana godoro kwa binamu anayemvumilia. Kufika mwezi wa nne, utaambiwa wa pili hana bidii: anachelewa, anasinzia, shati ni lile lile.

Sasa Malindi. Kijana wa Dabaso akisema anaomba Malindi, wenzake wa darasa humwonea huruma kana kwamba amekubali kushindwa. Huruma hiyo inatokana na kutoyajua mafaili yaliyopo pale. Mji una Mahakama Kuu, una Mahakama ya Mazingira na Ardhi, una mahakimu na kadhi. Humo ndimo zilimopita kesi ambazo wanafunzi wa Karen huzikariri bila kujua zimetoka wapi. Uamuzi wa Mtana Lewa dhidi ya Kahindi Ngala Mwagandi, kuhusu anayekalia ardhi ya mwingine kwa miaka kumi na miwili bila kupingwa, ulitolewa mwaka 2015 na Mahakama ya Rufaa iliyokuwa ikiketi Malindi. Mwaka 2016 chama cha mawakili wa Malindi ndicho kilichokwenda mahakamani kupinga mahakimu kusikiliza kesi za ardhi. Kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa kwenye rufaa mwaka uliofuata, na nchi nzima ikawa imelazimika kufikiri upya. Kesi ya Karisa Chengo, ambayo Mahakama ya Juu iliiamua mwaka 2017 na kusema majaji wa mahakama maalumu hawana mamlaka ya kusikiliza rufaa za jinai, ilianzia huku. Shauri la vifo vya waumini wa dhehebu katika msitu wa Shakahola lilipolipuka Aprili 2023, mahakama ya Malindi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumwona mshtakiwa.

Na ardhi! Ukanda huu bado unaishi na athari za Sheria ya Hatimiliki ya mwaka 1908, iliyowapa hati waliojua kuzidai na kuwaacha Wamijikenda wengi wakiitwa maskwota katika mashamba waliyoyalima mababu zao. Hapo hapo Watamu kuna nyumba za Waitaliano zilizonunuliwa miaka ambayo mgeni aliweza kumiliki milele. Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 ikageuza umiliki huo kuwa wa kukodi usiozidi miaka 99. Kila nyumba ya aina hiyo inayouzwa ina kazi ya wakili ndani yake. Ongeza mvutano wa mpango wa mtambo wa nyuklia Uyombo, ng'ambo ya hori la Mida, ulioleta maandamano mwaka 2024, na vikundi vya kijamii vya mikoko na kaa pale Dabaso vinavyohitaji katiba na mikataba isiyowaumiza. Mwanagenzi anayepita humo miezi sita ataona mashauri ambayo mwenzake wa ghorofani Nairobi atayasoma tu.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona katika wasifu wowote wa mwombaji niliopata kuusoma, na wanaoniomba niwasahihishie ni wengi. Mtoto wa Dabaso ana Kigiriama cha nyumbani, Kiswahili cha pwani, Kiingereza cha shule, na mara nyingi Kiitaliano cha ufukweni alichookota Watamu akiuza vinyago wakati wa likizo. Anakificha hicho cha mwisho kwa sababu kinanuka ubichiboi. Wakili wa Malindi ambaye mteja wake wa asubuhi ni bibi wa Ganze asiyejua ila Kigiriama, na wa mchana ni mstaafu wa Milano anayeuza nyumba, angekitazama kwa jicho jingine. Sheria yenyewe imeipa lugha uzito: mahakama za chini huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na hata sifa za kuingia Karen kwa njia ya alama za sekondari zilitaka B ya Kiingereza au ya Kiswahili.

Nisiifanye Malindi pepo. Anayetaka kuwa mtaalamu wa kuunganisha mabenki au wa mikataba ya nishati atajifunza hayo Nairobi, na ni haki yake kuyataka. Kampuni kubwa huajiri baadhi ya wanagenzi wake. Ofisi ya wakili mmoja haina nafasi ya pili ya kumpa mtu baada ya miezi sita, hata ikimpenda. Na wakili mwenye shughuli nyingi anaweza kumgeuza mwanagenzi tarishi: peleka hati, lipia ada, chukua tarehe. Kazi hiyo ya utarishi, kwa bahati, inapungua. Tangu Machi 2024 uwasilishaji wa hati kwa mtandao umeenezwa katika mahakama zote nchini, na mashauri mengi hutajwa kwa video. Upande wa pili wa bahati hiyo ni kwamba ofisi iliyokuwa ikimpokea mwanagenzi kwa sababu ya miguu yake sasa itampokea kwa sababu ya kalamu yake au haitampokea kabisa.

Ndiyo maana barua za maombi zinazotumwa kwa ofisi hamsini zikiwa zimebadilishwa jina tu haziendi mbali. Hukumu nyingi zipo wazi katika tovuti ya Kenya Law, pamoja na majina ya mawakili waliosimama. Anayeomba ofisi ya Malindi anaweza kusoma mashauri matatu ya ofisi hiyo jioni moja, akaandika sentensi mbili juu ya shauri mojawapo zinazoonyesha amelielewa. Wakili atasoma sentensi hizo mbili hata kama hasomi kitu kingine. Kisha apeleke mwenyewe. Pwani barua iliyofika na mtu ina heshima ambayo baruapepe haina: unabisha, unamwamkia karani, unamwita mama au kaka kwa kadiri ya umri wake, unaeleza shida yako taratibu. Karani ndiye anayejua kama mwanagenzi aliyepo anamaliza mwezi ujao. Wahitimu wengi humpita bila salamu, wakimtafuta wakili, nao hujiuliza kwa nini barua zao hazikufika mezani.

Kuanza mapema nako kuna faida kuliko ufasaha. Anayezungumza na ofisi mwezi wa Juni, kabla ya umati wa Novemba, anaongea na mtu mwenye nafasi ya kufikiri. Wala si lazima iwe ofisi ya kibinafsi. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu na ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huchukua wanagenzi. Mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, na FIDA, shirika la wanasheria wanawake lililoanzishwa mwaka 1985, yamelea mawakili wengi. La muhimu ni kuhakikisha, kabla ya kuanza, kwamba wakili msimamizi ana sifa zinazotakiwa na fomu zimewasilishwa kwa wakati, maana hakuna uchungu kama wa kuambiwa miezi uliyofanya haihesabiki.

Ukimya ndio mgumu kuuzoea. Ofisi nyingi hazijibu kabisa, wala hazisemi hapana. Mhitimu anabaki na simu mkononi, akilijaza pengo hilo kwa tafsiri zake mwenyewe: alama zangu, jina langu, kabila langu, chuo changu. Huenda sababu ni kwamba barua haikufunguliwa. Nawashauri waandike upya baada ya wiki mbili au tatu, mstari mmoja, kwa adabu, kisha waendelee na ofisi nyingine bila kuingoja. Na waombe kwa vikundi. Nimeona wanne wa darasa moja wakigawana orodha ya ofisi za Malindi, Kilifi na Mombasa, kila mmoja akirudi na habari ya wote. Wale wanaoshindana kimyakimya hutembea njia ile ile mara nne.

Kijijini nako si pa kupuuzwa katika kungoja huku. Mhitimu anayerudi Dabaso kungojea jibu ni wakili kwa macho ya watu, na siku ya pili tu ataletewa makubaliano ya kuuza kiwanja ayaandike, kwa shilingi mia tano na kuku. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza asiye wakili kutayarisha hati za namna hiyo kwa malipo, na ni kosa la jinai. Njaa ni njaa, na mzee anayekuja na kuku haelewi kwa nini mjukuu wake amtume kwa mtu wa Malindi atakayemtoza maelfu. Lakini aliyebakisha miezi sita tu kuapishwa ndiye mwenye cha kupoteza kuliko wote. Anaweza kumsomea mzee, kumweleza, kumsindikiza hadi ofisi ya wakili. Huko kusindikiza, ninavyojua, kumewapatia wengine nafasi: wakili huona kijana anayeleta wateja, anayefasiri Kigiriama vizuri na anayejua mipaka yake.

Yote haya ni ya mwombaji. Lakini mwombaji hawezi kuongeza meza, wala hawezi kujilipa. Chama cha Mawakili kinaweza kuweka kima cha chini cha posho na kukisimamia, nako kutapunguza nafasi katika ofisi ndogo, kama ilivyotokea kwingine. Ndiyo sababu fedha ya umma lazima iingie. Kaunti ya Kilifi imekuwa ikitoa basari. Sehemu yake ingeweza kuitwa posho ya uanagenzi kwa mzaliwa wa kaunti anayefanyia kazi Malindi au Kilifi. Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti ya mwaka 2020 imeipa kila kaunti ofisi ya sheria yenye mikataba, kesi za ardhi na miswada ya kutosha kumfundisha mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inazungumzia wasio na uwezo wa wakili, ambao Kilifi imejaa, na mwanagenzi anayelipwa angeandika maelezo yao, akapanga vielelezo, akamwachia wakili kazi ya kusimama.

Na kuna jambo lisilohitaji bajeti hata kidogo. Mawakili wa Malindi, ambao mwaka 2016 waliweza kukusanyika na kuitikisa sheria ya nchi, wanaweza kila Septemba kubandika kwenye ubao wa mahakama karatasi moja yenye majina ya ofisi zitakazopokea mwanagenzi Januari, idadi ya nafasi, na kama kuna posho au hakuna. Wakili mmoja niliyemtajia wazo hili alicheka, akasema karatasi hiyo ikibandikwa ofisi yake itajaa watu kesho yake asubuhi. Nilimuuliza kama anao mwanagenzi kwa sasa. Akasema yupo, mtoto wa rafiki yake.